Kromiamu VI kwenye ngozi nyeusi: baada ya kolamu, tuigundue kwa kifaa gani?

Mpima_Ngozi (Viwandani, Nairobi)

Hamjambo wadau. Hili ni la wale wanaopima metali baada ya kuzitenganisha kwa kromatografia, yaani kwa kupitisha sampuli kwenye kolamu, bomba linalotoa kila kitu kwa wakati wake.

Tunapokea vipande vya ngozi ya kromu (iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu) kutoka viwanda vya Nairobi na Athi River, na maji machafu ya viwanda hivyo hivyo. Wateja wanaouza Ulaya wanataka kromiamu VI, ile yenye sumu, peke yake, si kromiamu yote, kwa kuwa sheria ya huko inakataa ngozi inayogusa mwili wa mtu ikiwa na 3 mg/kg au zaidi. Njia ya rangi ya difenilikabazidi kwenye spektrofotomita haina shida kwa ngozi nyeupe au ya maziwa. Tatizo ni ngozi nyeusi na nyekundu: rangi yake inatoka pamoja na kromiamu, na usomaji hauaminiki tena.

Vifaa vilivyopo ni HPLC (mtambo wa kusukuma sampuli kwenye kolamu) ya pampu moja yenye kigunduzi cha mwanga cha UV-Vis kinachofika nanomita 700, AAS (kipima metali kwa mwanga unaofyonzwa na atomu zake) ya mwali wa hewa na asetilini, na AAS ya tanuri ya grafiti. Kuna pampu ya pili ya HPLC, ya zamani, imekaa kabatini. ICP-MS, mashine ya plazma inayohesabu atomu kwa uzito wake, hatuna.

Je, naweza kuunganisha mdomo wa kolamu moja kwa moja na nebulaiza (kinyunyizi) ya AAS ya mwali? Au bila ICP-MS nisijisumbue?

---

KoiliNaKolamu

Karibu, Mpima_Ngozi. Kuunganisha unaweza, lakini kwa kazi yako mwali hautakufaa. Piga hesabu kabla ya kukata paipu yoyote.

Ukichukua gramu 2 za ngozi kwenye mL 100 za bafa (myeyusho unaoshikilia pH), kikomo cha 3 mg/kg ni mikrogramu 6 ndani ya mL 100, yaani 60 µg/L. Ukidunga µL 100, umeingiza nanogramu 6 tu. Nanogramu hizo zikipita kwenye kolamu zinatoka zimetawanyika kwenye kama mL 1 ya kiyeyushi (kimiminika kinachosukumwa kolamuni), kwa hiyo wastani wa kilele kinachochorwa zikipita ni 6 µg/L. Hapo uko ukingoni kabisa mwa uwezo wa mwali kwa kromiamu hata ukinyonya myeyusho tulivu kwa sekunde kadhaa, seuze kilele kinachopita. Isitoshe nebulaiza ya mwali imezoea kunyonya mL 4 hadi 6 kwa dakika na kolamu inaipa 1 au 1.5. Itafanya njaa, mwali utatapatapa. Watu huweka kiungo cha T na kuongeza maji, jambo linaloondoa njaa lakini linazimua zaidi kile kidogo ulichokuwa nacho. Mwali uwekee sampuli za miligramu kwa lita.

Njia inayokufaa tayari iko mezani kwako: ile ile difenilikabazidi, ila iongezwe BAADA ya kolamu. Kolamu inaiacha rangi ya ngozi nyuma au inaitoa kwa wakati wake, kromati (umbo la kromiamu VI ndani ya maji) inatoka kwa wakati wake, halafu inakutana na dawa na kuwa zambarau kabla ya kuingia kwenye kigunduzi. Hapo ndipo ile pampu ya kabatini inapopata kazi.

Kiyeyushi cha kolamu: gramu 33 za amonia salfeti kwenye maji ya kama mL 500, ongeza mL 6.5 za amonia kali, jaza hadi lita 1. Hiyo ni salfeti ya 250 mM (milimoli kwa lita), pH ikicheza kwenye 9 na kidogo. Kolamu iwe ya kubadilisha anioni. IonPac AS7 ndiyo kolamu ambayo njia za EPA, shirika la mazingira la Marekani, zilijengwa juu yake, ikitanguliwa na kolamu ya ulinzi NG1 inayozuia vitu vya kikaboni. Mtiririko 1.5 mL/dakika.

Dawa ya rangi: gramu 0.5 za 1,5-difenilikabazidi kwenye mL 100 za methanoli hadi iyeyuke yote. Pembeni, kwenye maji ya kama mL 500, mimina POLEPOLE mL 28 za asidi ya salfuriki ya 98%, huku ukikoroga na chombo kikiwa ndani ya maji baridi. Ikishapoa, changanya viwili hivyo na ujaze hadi lita 1. Usianze na difenilikabazidi kwenye maji matupu, itabaki chembechembe na kuziba kiungo cha T. Dawa hukaa siku nne au tano. Ikianza kuwa ya waridi ndani ya chupa, mwaga. Mtiririko wake 0.5 mL/dakika.

Baada ya T weka koili ya plastiki ya PTFE yenye kipenyo cha ndani cha mm 0.5. Mita moja ya paipu hiyo inabeba karibu µL 196, kwa hiyo mita 3 zinakupa karibu µL 590, na kwa jumla ya 2 mL/dakika rangi inapata sekunde kama 18 za kukomaa. Zinatosha. Usiizungushe koili kama kamba ya nanga iliyolala: ifume, ipige mafundo legevu mfululizo. Myeyusho ukigeuzwa njia kila mara unachanganyika kwa upana wa paipu badala ya kurefuka, na kilele kinabaki chembamba. Soma kwenye nanomita 530.

Kwa zile nanogramu 6 utegemee kilele cha mAU 3 au 4 hivi (mAU ni kipimo cha mwanga uliofyonzwa), zaidi kidogo kwenye ncha. Kigunduzi cha kawaida chenye kelele ya chini ya mAU 0.1 kinakiona bila wasiwasi. Ukijaribiwa kuacha dawa na kusoma kromati yenyewe kwenye nanomita 372, fahamu kwamba inafyonza mwanga karibu mara tisa chini ya ile zambarau. Hata ukihesabu kuzimuliwa na dawa, bado unapoteza zaidi ya mara sita, na kule 372 ndiko rangi za ngozi na tanini zinakojaa.

Jambo la mwisho, na tafadhali lishike: salfeti hiyo haipatani na methanoli wala asetonitrili. Ukibadilisha kiyeyushi bila kupitisha maji katikati, chumvi itaganda ndani ya pampu. Kila jioni maji safi nusu saa, pampu zote mbili.

---

Mpima_Ngozi

Asante sana, KoiliNaKolamu. Nimefunga kama ulivyoeleza. Kromati ya 50 µg/L inatoka vizuri karibu dakika ya 4. Mambo mawili yananisumbua. Mstari wa msingi una mawimbi ya kupanda na kushuka kila sekunde chache. Na kwenye ngozi nyeusi kuna kichuguu kipana kinachoanza mapema na mkia wake unafika hadi chini ya kilele cha kromati. Nitajuaje kama mkia huo ni rangi au ni kromiamu?

---

KoiliNaKolamu

Mawimbi ni pampu ya dawa. Kila pistoni ikisukuma, uwiano wa dawa na kiyeyushi unabadilika kidogo, na kwa kuwa dawa yenyewe ina wekundu wake hafifu, kigunduzi kinauona mdundo. Hesabu mapigo ya pampu kwa dakika: yakilingana na mawimbi, umempata mwenye kosa. Kwanza angalia vali na sili, maana pampu iliyokaa kabatini mara nyingi vali yake moja imeganda. Toa hewa kwenye dawa. Kisha weka kizuizi cha shinikizo kati ya pampu na T, mita kadhaa za paipu ya plastiki ngumu ya PEEK ya mm 0.13 zinatosha, kwa kuwa vali za HPLC hazifungi sawasawa zikisukuma bila upinzani. Wengine hutumia chupa iliyosukumwa kwa naitrojeni, na mstari unakuwa laini kabisa. Lakini iwe chupa iliyotengenezwa kuhimili shinikizo. Chupa ya kawaida ya kioo iliyojaa asidi ya salfuriki usiitie gesi kamwe.

Kuhusu kichuguu, dunga sampuli ile ile mara mbili. Mara ya kwanza na dawa kamili. Mara ya pili weka kwenye pampu ya dawa asidi na methanoli peke yake, bila difenilikabazidi. Kitakachobaki kwenye mara ya pili ni rangi ya ngozi. Kilichotoweka ndicho kromiamu VI. Ukitaka kuwa na hakika zaidi, ongeza kwenye sampuli kromati unayoijua kipimo na utazame: kilele kinapaswa kukua mahali pale pale bila kupata bega. Kikipata bega, una vitu viwili.

---

MizaniKamili

Wenzangu wamejenga mtambo vizuri. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, kabla ya sindano, kwa sababu makosa makubwa ya kazi hii hayatoki kwenye kigunduzi. Kromiamu hubadilika njiani. VI inakuwa III (ile ya kawaida ya ngozi ya kromu), III inakuwa VI, na mashine itakuchorea kilele kizuri cha uongo.

Ngozi kwanza. Bafa ni gramu 22.8 za K2HPO4·3H2O kwa lita, pH irekebishwe kwa asidi ya fosfori hadi 8.0, na ipitishiwe argoni au naitrojeni kuondoa oksijeni kabla ya ngozi kuingia. Gramu 2 kwenye mL 100, tikisa saa 3 kamili kwenye joto la chumba, chupa ikiwa imefungwa. Mwishoni pima pH tena. Ikishuka chini ya 7.0 matokeo hayo hayafai: ngozi yenye asidi nyingi imeshinda bafa, na kwenye asidi kromiamu VI inaliwa na tanini na vitu vingine vya ngozi. Punguza ngozi, urudie. Wapo wanaoongeza soda kali ili "kuwa salama". Hapo wanaifungulia njia III iliyopo kwa wingi igeuke VI oksijeni ikiwepo. Kumbuka ngozi ya kromu ina makumi ya maelfu ya mg/kg za kromiamu III. Sehemu moja tu kati ya elfu kumi ikigeuka, umemfelisha mtu asiye na kosa.

Kila aina ya ngozi iongezewe kromati ya kipimo mwanzoni mwa saa 3, sio mwishoni. Ukirudishiwa chini ya asilimia 80, ngozi hiyo ina kitu kinachokula VI, na jibu la "haikuonekana" halina maana. Standadi (myeyusho wa kulinganishia): gramu 0.2829 za potasiamu daikromati iliyokaushwa kwenye lita 1 ni 100 mg/L ya kromiamu. Vaa glavu na usikaushe unga huo mahali penye upepo, ni kisababishi cha saratani.

Maji machafu sasa. Usiweke asidi ya nitriki kwenye chupa kama unavyofanya kwa metali nyingine. Asidi inaua VI mara moja kukiwa na chochote cha kuipokonya oksijeni. Na kuna hatari kubwa kuliko matokeo mabaya: maji ya hatua ya kunyoa manyoya yana salfaidi nyingi, ukiyatia asidi yanatoa haidrojeni salfaidi, gesi inayoua. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45 pale pale mtaroni, rekebisha pH iwe 9 hadi 9.5 kwa bafa ya amonia na amonia salfeti, tia kwenye kibaridi chenye barafu, na upime ndani ya saa 24. Foleni ya Mombasa Road uiweke kwenye hesabu.

Kwa tope na udongo utatumia uyeyushaji wa alkali: gramu 2.5 kwenye mL 50 za mchanganyiko wa NaOH 0.5 M na Na2CO3 0.28 M, ukiongeza mg 400 za magnesi kloridi na mL 0.5 za bafa ya fosfeti ili III isigeuke. Maelekezo yanasema nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika 60. Yameandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiweka bamba la moto kwenye 95 utakuta chombo kinatokota na kurusha, kiasi kinapungua, na unalaumu kolamu. Weka 91 au 92, kipimajoto kiwe ndani ya myeyusho wenyewe.

Halafu ile AAS ya tanuri isikae bure. Kusanya sehemu za nusu dakika kutoka kolamu, kila moja mL 0.75, kabla ya T ili asidi na methanoli zisiingie. Dunga µL 20 kwenye tanuri pamoja na magnesi nitreti kama kisaidizi, choma kwenye kama nyuzi 1,500, geuza kuwa mvuke kwenye 2,300 au zaidi kidogo, soma kwenye nanomita 357.9. Panda taratibu kati ya nyuzi 200 na 500, amonia salfeti ina moshi mwingi. Sehemu yenye kromati ikupe namba ile ile ya zambarau. Zisipolingana, mojawapo inasema uongo, na ripoti isitoke mpaka ijulikane ni ipi. Anayesubiri karatasi hiyo anaweza kuwa fundi wa viatu Kariokor anayeshika ngozi hiyo kutwa nzima, si mnunuzi wa Ulaya peke yake.

---

PlazmaDaima

Naongezea upande wa ICP-MS, maana nimeona imetajwa kama mwokozi. Ni kifaa kizuri mno, ila hakijui kromiamu VI ni nini. Inahesabu atomu. Utambulisho wote unabaki kwenye wakati wa kutoka kolamuni, sawa na wewe na zambarau yako. Faida yake ni kuona III na VI kwa mdungo mmoja, na kushuka chini ya 1 µg/L bila jasho.

Ukipata nafasi kwenye maabara yenye mashine hiyo, usiende na kiyeyushi chako. Salfeti ya 250 mM itaziba koni za mlango wa mashine. Tumia amonia nitreti ya 50 hadi 75 mM, na III uifunge kwanza kwa EDTA (dawa inayoshika metali), la sivyo haitatoka kolamuni kwa pH hiyo, itaganda kama haidroksidi. Kufungwa huko ni kwa polepole sana kwenye baridi. Sampuli ipashwe moto, nyuzi 60 hivi, kwa saa moja au zaidi, na uhakikishe kwa kudunga kila nusu saa mpaka kilele cha III kiache kukua. Muda huo huo angalia kilele cha VI kisipungue.

Paipu ya kolamu hadi nebulaiza iwe PEEK ya mm 0.17, chini ya nusu mita. Mita ya paipu hiyo ni µL 23 tu. Ukitumia ya mm 0.5 uliyonayo kwenye koili utabeba karibu 200 na vilele viwili vitakumbatiana.

Kwenye uzito wa 52 kuna wezi wawili: argoni ikishikana na kaboni, na klorini ikishikana na oksijeni na haidrojeni. Maji ya kiwanda cha ngozi yana chumvi ya mezani kwa wingi kwa kuwa ngozi mbichi huhifadhiwa kwa chumvi, na pia yana kaboni tele. Washa heliamu kwenye seli ya migongano, na upime 52 na 53 pamoja. Kromiamu asilia ni 83.8% ya 52 na 9.5% ya 53, kwa hiyo eneo la kilele la 52 likigawanywa kwa la 53 liwe karibu 8.8. Likiwa mbali na hapo, sio kromiamu pekee unayoiona. Fanya ukaguzi huu kwa kila kilele, hauna gharama.

Jambo jingine: HPLC ya chuma kisichoshika kutu ina kromiamu karibu 17% mwilini. Difenilikabazidi haiioni kwa sababu inatoka kama III, lakini plazma na tanuri ya MizaniKamili zitaiona. Toa kolamu na kigunduzi, pitisha asidi ya nitriki ya 20% kwa nusu saa, halafu maji hadi pH irudi. Asidi ya haidrokloriki usiipitishe, inakula chuma.

Na kwa anayefikiria kununua: plazma inakunywa argoni lita 15 hadi 18 kwa dakika. Mtungi wa lita 50 uliojazwa bar 200 una kama lita 10,000 za gesi, unadumu kwa muda wa saa kumi hivi. Stima ikikatika katikati ya mfululizo, plazma inazimika na vilele vilivyokuwa kolamuni vimepotea. Weka UPS ya pampu za ombwe angalau, ili usisubiri tena saa nyingi kuvuta hewa.

---

Mpima_Ngozi

Vali moja ya pampu ilikuwa imeganda kweli. Imesafishwa na mawimbi yamepungua sana. Mdungo bila difenilikabazidi umeonyesha kichuguu kile kile, kwa hiyo ni rangi ya ngozi. Dada PlazmaDaima, swali dogo la mwisho: mpangilio huu naweza kuugeuza nipime shaba, zinki na nikeli kwenye maji ya wapaka nikeli wa jua kali?

---

PlazmaDaima

Unaweza, ila badilisha dawa na kolamu. Dawa inakuwa PAR, yaani 4-(2-piridilazo)risosinoli, kama 0.3 mM kwenye bafa ya amonia, usome kwenye nanomita 520 hadi 530. Inashika shaba, nikeli, zinki, kobalti, kadimi na risasi zote pamoja, ndiyo sababu kolamu lazima izitenganishe kwanza, na hapo utahitaji ya kubadilisha kationi pamoja na asidi ya oksaliki au PDCA (asidi nyingine inayoshika metali) kwenye kiyeyushi. Nikeli huchelewa kushikana na PAR kuliko shaba, basi koili iwe ndefu zaidi, au uipashe moto kidogo. Osha mfumo wote kwa maji kabla ya kuhama kutoka dawa ya asidi kwenda ya amonia. Zikikutana ndani ya koili utapata joto na viputo, na usomaji wa siku hiyo umekwisha.

---

MizaniKamili

Na kwa wapaka nikeli, sianidi ikiwa kwenye maji hayo, kanuni ni ile ile ya salfaidi: asidi isiguse chupa. Uliza kwanza wanatumia bafu gani, kabla hujafungua kifuniko.